Jinsi ya Kuwa Mtaalamu wa Mita Janja Bila Kujifunza Kitu

Barua imeshatua mezani kwako. Ina muhuri, ina nakala kwa kila mwenye cheo, na inasema shirika linaingia zama za nishati ya kidijitali, hivyo mafundi, wasoma mita, makarani wa mapato na wasimamizi wa zamu wote watajengewa uwezo. Usibabaike, ndugu yangu. Mita za LUKU, zile za kulipia umeme kabla ya kuutumia, zilipoanza kuingia Tanzania miaka ya 1990, wapo waliosema kazi ya msoma mita imekwisha. Haikuisha, na wasoma mita wengi walistaafu kwa heshima, wakaagwa kwa pilau na kabati la vyombo. Nawe utafika huko huko. Ujuzi una gharama zake, lakini sura ya mjuzi haitozwi kodi. Tushughulikie sura.

1. Shika majina, mambo yaache

Kukijua kitu huchukua miezi. Kukitaja huchukua sekunde. Anza na SCADA. Usiitamke herufi moja moja kama mtu anayesoma bango, sema "skada" kwa haraka, kama jina la shemeji yako. Ongeza GIS, ongeza "data", na kikao kikipoa tupia "akili mnemba". Mtu akikuuliza skada ni nini hasa, jibu "ni mfumo", kisha tazama saa.

Kitu kimoja usithubutu: kueleza. Ukisema kwamba huo ni utaratibu wa kompyuta unaomwezesha mtu aliyeketi chumba cha udhibiti kusoma volteji na mkondo wa kituo cha kupoza umeme kilicho mbali, na kufungua au kufunga breka bila kutuma gari, basi umejimaliza. Watakuandika kwenye ratiba ya zamu ya usiku kabla chai haijapoa.

2. Chagua semina kwa mji, si kwa mada

Mada zote zinafanana, miji haifanani. Ukisikia mafunzo ya usalama wa mtandao yako wilayani kwenu, ukumbi wa hapo hapo ofisini, posho hakuna, una dharura ya kifamilia. Mafunzo hayo hayo yakihamia mji wenye ziwa au bahari, wewe ni mdau mkubwa wa usalama wa mtandao.

Wahi siku ya kwanza. Kiti kizuri kipo karibu na soketi, mbali na kiyoyozi, na mwezeshaji hakioni vizuri kwa sababu ya nguzo. Saini karatasi ya mahudhurio asubuhi, na ya mchana uisaini asubuhi pia ikiwezekana. Kisha uliza swali lako moja, mapema, kabla hujasinzia: "Mwezeshaji, je, mfumo huu umezingatia mazingira yetu?" Hilo halina jibu baya wala zuri. Mwezeshaji atasema ni swali zuri sana, ataongea dakika kumi, na jina lako litaingia kwenye ripoti kama mshiriki aliyechangia.

Ikifika kazi ya vikundi, tafuta kikundi chenye kijana aliyemaliza chuo juzi, yule mwenye kompyuta mpakato iliyobandikwa stika nyingi. Mpendekeze awe katibu. Yeye, kwa adabu, atakupendekeza uwe mwenyekiti. Mwenyekiti hagusi kipanya. Wakati kijana anahangaika kuunganisha mita ya majaribio na seva, wewe waulize wajumbe kama wote wamepata maji ya kunywa.

Picha ya pamoja usiikose. Simama mstari wa pili, katikati, nyuma ya mgeni rasmi. Wa mstari wa mbele huketi na suti zao hujikunja. Cheti kikitoka kitie fremu. Kitundike ukutani mahali ambapo mteja anayelalamika atakiona kabla hajakuona wewe.

3. Pakua, paka rangi, tuma

Sasa mita janja zimefika na zinamwaga takwimu. Mita inayosoma kila baada ya dakika 15 inatoa masomo 96 kwa siku. Wilaya yako ikiwa na wateja 10,000, hayo ni masomo 960,000 kila siku inayokucha. Hakuna binadamu wa kuyasoma yote, na hapo ndipo penye riziki yako.

Pakua kila kitu na ukimwage kwenye Excel. Ukurasa mmoja wa Excel una mistari 1,048,576 na haiongezeki hata ukiipigia magoti. Takwimu za siku moja zitaingia. Ukimwaga za siku mbili, sehemu kubwa ya siku ya pili itabaki nje, na programu itakuonya. Bonyeza "sawa". Kisha tengeneza chati ya duara yenye rangi nne, tafuta kichwa cha habari chenye neno "mwelekeo", na tuma kwa bosi saa kumi na dakika hamsini jioni. Hakuna bosi anayehesabu mistari saa hizo.

Uko mtego mmoja hapa, na kijana wako wa chuo ataurukia akidhani ni zawadi. Atasema: tuchukue uniti zilizopita kwenye mita ya transfoma, tutoe jumla ya uniti za mita za wateja wote wanaolishwa na transfoma hiyo, tofauti ndiyo upotevu. Sehemu yake ni joto la nyaya, haikwepeki. Ikizidi kiasi, kuna mtu anakula umeme bila kupita mlangoni. Hesabu ya darasa la tano, inafanyika kwa dakika chache, na ndiyo moja ya sababu za kununua mita hizo kwa fedha nyingi.

Mzuie. Siyo kwamba hesabu ina makosa. Tatizo ni kwamba hesabu haina adabu: ukiifuata nguzo kwa nguzo, waya wa ziada huwa hauishii kwa masikini peke yake. Huishia kwenye majokofu ya samaki ya mtu mnayesalimiana msikitini, au kwenye mashine za mtu aliyechangia harusi ya binti yako. Vishoka waliomuunganishia nao wana namba yako ya simu. Mwambie kijana kuwa jambo hilo "linafanyiwa kazi ngazi ya juu" na umpangie kuhesabu viti vya ofisi.

4. Ipime mitaa yote ukiwa chini ya mwembe

Shirika linataka kila nguzo na kila transfoma iingie kwenye ramani ya kompyuta, na kila mteja aunganishwe na transfoma inayomlisha. Umepewa simu ya kupimia viwianishi vya GPS. Jua ni kali, mitaa imepanda kilima, na pale chini kuna mwembe na mama anakaanga mihogo.

Keti. Agiza sahani. Fungua programu, andika nguzo namba moja, bonyeza hifadhi. Namba mbili, hifadhi. Namba tatu. Mpaka mihogo imeisha, mtaa mzima umepimwa. Ukifungua ramani baadaye utaona ajabu ya uhandisi: nguzo za mtaa mzima zimesimama pamoja chini ya mwembe mmoja, zimekumbatiana kama ndugu waliokutana mazishini. Sogeza ramani kwa mbali, nukta zitaungana na kuwa nukta moja safi. Ripoti hupigwa picha kwa mbali.

Faida yake utaiona usiku wa mvua. Mita janja iliyotengenezwa vizuri, umeme ukikatika, huwa na akiba kidogo ya nguvu ya kutuma ujumbe wa mwisho kusema "nimezima". Ujumbe wa mita ishirini ukifika, mfumo unatazama ramani, unaona zote ziko kwenye transfoma moja, unatuma gari la dharura pale pale penye hitilafu kabla mteja wa kwanza hajashika simu. Kwa ramani yako, gari litatumwa kwenye mwembe. Litazunguka mwembe. Mafundi watapiga simu kuuliza transfoma iko wapi, na wewe, kwa upole, utawaelekeza kwa mdomo: pita msikiti, kunja kushoto kwenye kinyozi. Asubuhi utasifiwa kwa kujua eneo lako vizuri.

5. Neno la siri liwe siri ya wote

Wataalamu wa TEHAMA wana maradhi ya kudai kila mtu awe na neno lake la siri, refu, lenye alama za ajabu, na juu yake wakutumie namba nyingine kwenye simu ndipo uingie. Huo ni usumbufu kwa watu wa zamu. Wekeni moja la kituo kizima: jina la kituo na mwaka. Liandikwe kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kibodi, ili mgeni asilione isipokuwa ameinua kibodi. Mwaka ukibadilika, badilisheni tarakimu ya mwisho.

Lakini jiandae, kwa sababu kwenye semina watakuletea habari ya Ukraine, na inatisha kidogo. Tarehe 23 Desemba 2015 wavamizi walizima umeme wa kampuni tatu za usambazaji za nchi hiyo. Miezi mingi kabla, barua pepe za kawaida zilikuwa zimewafikia wafanyakazi zikiwa na faili la ofisi kama yale unayopokea wewe kila Jumatatu. Faili liliomba ruhusa ya kuwasha makro. Mtu akaruhusu. Hapo wavamizi wakaingia, wakatulia, wakakusanya maneno ya siri ya watu halali, wakajifunza mfumo kwa subira ambayo sisi hatuna hata kwenye semina. Siku ilipofika, waendeshaji wa zamu waliona kishale kwenye skrini kinatembea chenyewe, kinafungua breka moja baada ya nyingine, huku vipanya vyao havifanyi kitu. Wateja takriban 225,000 wakakaa gizani wakati wa majira ya baridi. Wavamizi wakazifurisha pia laini za simu za huduma kwa wateja, ili watu wasiweze kutoa taarifa.

Ukumbi utakapokuwa kimya, nyanyua mkono useme: "Nashukuru kwa somo hili, ila tuzingatie kwamba hilo lilitokea Ulaya." Watu watatikisa vichwa. Mjadala utaahirishwa hadi baada ya chakula.

Sehemu ya pili ya habari hiyo usiitaje kabisa, na ukisikia mwezeshaji anaikaribia, kohoa. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi waliacha kompyuta, wakapanda magari hadi vituo vya kupoza umeme, na kufunga breka kwa mikono. Kwa muda mrefu baadaye waliendelea kuviendesha vituo hivyo kwa mikono. Ukiacha habari hiyo ipenye, mkubwa mmoja atauliza ni nani katika kituo chetu bado anajua kufanya hivyo gizani, bila skrini. Mtatazamana.

6. Mzee aondoke na kichwa chake

Swali hilo linatuleta kwa mzee wa kituo. Yupo kila mahali, ana koti la zamani, haongei kwenye vikao. Ndiye anayejua kwamba swichi iliyoandikwa "Sokoni" haijawahi kulisha soko tangu laini zilipobadilishwa; inalisha hospitali ya wilaya. Kwenye mfumo mpya imeingizwa "Sokoni", kwa sababu kijana aliyeingiza alinakili kibao kilichoko ukutani. Siku moja mtu aliye mbali atazima "Sokoni" kwa matengenezo ya saa mbili, na daktari atajua kabla yake.

Kazi ya kidijitali kuliko zote hapo kituoni ingekuwa kumkalisha mzee huyu na kijana yule meza moja, kwa wiki kadhaa, wakipita swichi kwa swichi, mmoja anasema, mwingine anasahihisha kwenye mfumo. Haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia wala hoteli. Ndiyo maana haina bajeti: kazi isiyo na hoteli haina msimamizi.

Wewe mwandalie mzee sherehe. Redio nzuri, vitenge vya mkewe, hotuba ndefu. Hifadhi namba yake ya simu. Umeme ukileta ukaidi utampigia, na kila ukimpigia mtumie vocha. Kwa miaka michache ya mwanzo huo ndio utakuwa mfumo wako wa skada, na ni wa bei nafuu.

7. Ya gridi waachie wa gridi

Hapa tupite haraka. Umeme wetu unatakiwa kutembea kwa hezi 50. Mzigo ukizidi uzalishaji, hezi zinashuka. Uzalishaji ukizidi, zinapanda. Zikienda mbali sana mitambo inajitoa yenyewe kujiokoa na nchi inalala giza. Zamani ulikuwa na maji na dizeli, ukaongeza au kupunguza. Sasa Kenya wana mitambo 365 ya upepo kule Turkana, megawati 310 kwa jumla, na upepo hausomi ratiba. Rufiji nako kuna mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, kwa hiyo mmoja tu ukijitoa ghafla, pengo lake si la kuzibwa kwa maombi. Na laini ya kilovolti 400 ya Singida, Namanga hadi Isinya imetuunganisha na majirani, hivyo mtikisiko wa huku unasikika kule. Wanaokaa kwenye skrini hizo wanapaswa kujua kutabiri upepo, jua na mahitaji ya saa ijayo, na kuutilia shaka utabiri wao. Ukiona tangazo la nafasi kama hizo, lipitishe kwa mwenzako.

8. Kuhusu kundi la WhatsApp

Neno moja tu. Mita janja inaonyesha mteja analala saa ngapi, amesafiri lini, amewasha pasi saa ngapi. Ni kishawishi kupiga picha skrini ya matumizi ya mtu maarufu na kuirusha kwenye kundi la wafanyakazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Kwa hiyo, kabla hujarusha, hakikisha simu ni ya mtu mwingine.

9. Subiri foleni

Hatua ya mwisho ni ya wenye moyo. Mita za malipo ya kabla zinazotumia mfumo wa kimataifa wa tokeni uitwao STS, na nyingi za Afrika Mashariki zimo, zilikuwa zikihesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Kila tokeni hubeba namba ya dakika iliyotengenezwa, ili isitumike mara mbili. Nafasi ya namba hiyo ina mwisho: dakika 16,777,216. Chukua kikokotoo ugawe, utaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo, mita isiyohuishwa haikubali tokeni mpya. Mtu yeyote mwenye kikokotoo angeweza kuifanya hesabu hiyo mwaka 1993 na kupata tarehe ile ile.

Dawa yake ilikuwa rahisi: mteja anaingiza tokeni mbili za kubadili ufunguo wa mita, kila moja tarakimu 20, kisha ile aliyonunua. Jumla tarakimu 60. Rahisi kwa mwenye macho. Ulimwona yule bibi aliyekuja na karatasi ndefu, kavaa miwani ya mjukuu, anabonyeza vitufe huku mjukuu anamsomea kwa sauti, saba, saba, sifuri, hapana bibi umeruka, kisha mita inaandika "kosa" na wanaanza upya. Ujuzi wa kidijitali uliohitajika hapo ulikuwa wa mtu mmoja wa kufika nyumbani kwake miezi kadhaa mapema na kumbonyezea. Busara ya kazi inasema vinginevyo: subiri foleni ifike getini, ndipo utangaze kwa kipaza sauti kwamba shirika lilishatoa elimu kwa umma.

Kwa hilo sasa umepumzika. Ila mita zilizohuishwa zimepewa tarehe mpya ya kuanzia, 1 Januari 2014, na nafasi ya dakika ni ile ile. Zitafika ukingoni tena tarehe 24 Novemba 2045. Kama hadi hapo hujastaafu, omba likizo yako Oktoba.